Nilisoma Nusu ya Kifungu

Barua iliyoniponza niliiandika mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 21 Aprili 2024, nyumbani kwangu Mangobo, Kisangani, umeme umekatika, nami ninaandika kwa tochi ya simu. Kwa miaka sita nilikuwa nimewafungia watu taa za jua kutoka Banalia hadi Isangi, na kwangu haikuwepo hata moja. Hilo nalo ni kosa, ila si hilo ninaloliungama leo.

Ilikuwa barua nzuri. Niliifuta na kuiandika upya mara tatu, kisha nikainakili kwa wino wa buluu kwenye karatasi isiyo na mkunjo. Ilimshukuru patroni, yaani bosi wangu, kwa miaka sita ya kuniamini. Ilisema ninaondoka kwa hiari yangu na kwamba sina lalamiko lolote dhidi ya kampuni. Kifaransa chake kilikuwa cha kupigiwa saluti. Mke wangu aliisoma hadi mwisho, akanirudishia, akauliza swali moja tu: "Baba Neema, wanakuachisha au unaacha?"

"Mimi siachishwi," nikamjibu. "Mimi ninaacha."

Jibu hilo ndilo kosa langu. Mengine yalilifuata nyuma kama mabehewa ya treni ya Ubundu, isipokuwa haya hayakukwama njiani.

Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa kazi yangu, lakini wasomaji wengine wanisamehe nieleze kidogo. Mji wetu una maji mengi na umeme wa kubahatisha. Bwawa la mto Tshopo lilijengwa zamani za Wabelgiji, lina mashine tatu, na moja au mbili zikilala hatuhitaji tangazo la redio, maana mitaa inapokezana giza: leo Kabondo, kesho Mangobo. Mwenye farmasi, mwenye friza, mwenye baa, mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, wote wanatafuta jua. Paneli na betri zinatoka Kampala, zinaingia kwa Kasindi na kuteremka kwa barabara ya taifa namba 4 hadi kwetu. Nyingine zinapanda mto kutoka Kinshasa kwa balenieri, yale maboti ya mbao, wiki nzima nzima majini. Bidhaa ni zile zile kwa kila muuzaji. Mteja anachoangalia ni nani atakayekuja betri ikifa. Kwa miaka sita, wa kuja nilikuwa mimi. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa makaa ukutani mwa vituo vya afya ambavyo hata patroni hajawahi kuviona.

Niliajiriwa Machi 2018. Kampuni ilikuwa na makao Kinshasa na ofisi moja hapa katikati ya mji, Makiso. Kontra, ndivyo tunavyouita mkataba huku kwetu, ilikuwa na kurasa nne. Nilisaini ya nne bila kufungua ya tatu. Nilikuwa nimekaa miezi 14 bila kazi, na siku ile wangenipa hati ya kuuza figo ningeuliza tu pa kuweka jina. Patroni alinipa nakala yangu. Nikaitia kwenye kopo la maziwa ambamo tunaweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ikakaa humo miaka sita bila kuguswa.

Mwanzoni mwa 2024 kampuni nyingine ya sola ilinitafuta. Nilikuwa ninapata dola 350 kwa mwezi. Wao walisema 500, pamoja na mafuta ya pikipiki. Mkuu wao aliniuliza swali la mtu mwenye akili: "Papa, kontra yako ya sasa inasemaje ukiondoka?" Nikamjibu, "Hakuna neno." Sikuwa nimeisoma. Mtu anayejibu asichokijua kwa sauti ya anayejua amesema uongo, na mimi niliusema bila kupepesa macho.

Usiku wa siku hiyo nikafungua kopo. Ukurasa wa tatu, kifungu cha 11. Wenye Kifaransa chao wanakiita clause de non-concurrence. Tuseme kifungu cha kutoshindana. Kilisema kwamba baada ya kontra kuisha, kwa muda wa mwaka mmoja, ndani ya jimbo la Tshopo, sitauza wala kufunga vifaa vya umeme wa jua, si kwa biashara yangu wala kwa mwajiri mwingine. Nikivunja, nitalipa dola 4,000. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye dola 4,000 nikakaa.

Hapo mtu mzima angetafuta avoka, yaani wakili. Mimi nilimpigia simu mpwa wangu.

Kijana huyo ninampenda sana. Ana simu nzuri, anajua kutafuta mambo kwenye intaneti, na anasoma kilimo. Sijui kwa nini sikuona lolote katika hilo la tatu. Baada ya saa moja alinitumia mambo mawili. La kwanza lilikuwa picha ya kipande cha Sheria ya Kazi ya Kongo, kifungu cha 53, kinachosema waziwazi kwamba sharti la kumkataza mfanyakazi, baada ya kontra kwisha, kufungua biashara yake, kushirikiana na wengine katika biashara au kuajiriwa kwingine, ni batili. Batili tu, bila kusubiri hakimu aseme. La pili lilikuwa maelezo marefu ya wanasheria, Kifaransa kizuri, kwamba sharti la namna hiyo halina nguvu kama mwajiri halipi fidia ya fedha kwa kipindi chote cha kukukataza. Kontra yangu haikutaja fidia hata senti. "Noko," akaandika, yaani mjomba, "wamekwisha."

Nililala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Sasa nifike kwenye orodha ya watu wa kupunguzwa, maana bila orodha msomaji anaweza kunihurumia, na sistahili. Katikati ya Aprili patroni aliniita ofisini. Akaniambia kwamba Kinshasa wameamua kupunguza watu watatu katika ofisi yetu kwa sababu biashara imebana, na kwamba jina langu liko kwenye orodha kwa kuwa mshahara wangu ni mkubwa kuliko wa vijana. Hakufurahia kuniambia. Aliahidi kwamba nitalipwa preavi yangu yote, yaani mshahara wa muda wa notisi, na haki zangu zote, na cheti cha kazi kizuri. Kwa miaka sita kamili, preavi inayotolewa na mwajiri ni siku 14 za kazi, ukiongeza siku saba kwa kila mwaka: siku 56, zaidi ya mshahara wa miezi miwili.

Tazama basi jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa na kazi mpya inayonisubiri. Nilikuwa na patroni anayetaka kunilipa niondoke. Mtu mwingine angemshukuru Mungu, akapokea bahasha na kwenda zake kimyakimya. Mimi nilichosikia ni neno moja tu: kuachishwa. Niliona mtaa wangu wa Mangobo ukisema yule wa sola amefukuzwa. Niliwaona shemeji zangu. Nikamwambia patroni anipe siku chache. Nikaenda nyumbani kuandika barua ya wino wa buluu, ili ikiulizwa ni nani aliyemwacha mwenzake, karatasi iseme ni mimi.

Jumatatu asubuhi nikampelekea. Aliisoma polepole. Akarudi kwenye ile aya ya "sina lalamiko lolote", akaisoma tena. Kisha akachukua biki, akasaini kwamba ameipokea, akapiga muhuri, akanipa mkono, mikono yote miwili. Wakati ule niliona heshima. Leo ninaelewa kwa nini alisaini upesi hivyo.

Sheria inampa anayeacha mwenyewe preavi ya nusu ya ile ya mwajiri, kwa hiyo nilidaiwa siku 28 za kazi, nikazifanya zote, bila kuchelewa hata siku moja. Lakini katika siku hizo hizo nilifanya jambo ambalo silipambi. Ofisini kulikuwa na daftari la wateja: jina, kijiji, vifaa alivyonavyo, betri ya mwaka gani, lini itahitaji kubadilishwa. Nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa, saa ya chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi. Nilijiambia kwamba maandishi yale ni yangu, mkono ni wangu, vumbi la barabara nilikula mimi. Yote kweli. Daftari lilikuwa la kampuni.

Katika siku hizo za preavi mpwa wangu alinitumia ushahidi wa tatu. Siku moja baada ya kuipeleka barua yangu, tarehe 23 Aprili, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara ilikuwa imepitisha kanuni ya kuvifuta vifungu vya kutoshindana karibu vyote nchini mwao. "Noko, hata Marekani!" Nikawasomea wenzangu kazini habari hiyo kwa sauti, kana kwamba Washington walikaa kikao kwa ajili yangu.

Juni nikaanza kazi mpya. Mwezi wa kwanza nilileta wateja tisa, wote kutoka kwenye picha za simu yangu. Mmoja alikuwa mama muuza samaki wa barafu mwenye friza tatu, aliyechoka kununua mafuta ya jenereta. Alilipa nusu ya bei mbele, kwa sababu ni mimi.

Wiki ya tano ikaja barua ya avoka wa kampuni ya zamani. Nakala kwangu, nakala kwa mwajiri wangu mpya. Kifungu cha 11, dola 4,000, na wito wa kusuluhishwa mbele ya Enspekta wa Kazi, maana kwetu kesi ya kazi haiendi mahakamani kabla ya kupita kwa enspekta. Mkuu wangu mpya alikuwa na wasiwasi. Mimi nilicheka. Nilimwambia asihangaike, nina sheria mfukoni. Nikachapisha ushahidi wangu wote kwa franga zangu, nikautia kwenye faili jipya la kijani. Nikaongezea nakala ya barua yangu ya kuacha kazi, kama ushahidi wa adabu yangu.

Enspekta alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Avoka wa kampuni alikaa upande wa dirisha, patroni wangu wa zamani karibu naye, akikwepa macho yangu. Mama Enspekta akanipa nafasi nianze. Nikatoa karatasi ya kifungu cha 53.

"Soma kwa sauti, papa."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa kituo na mkazo, kama katekista siku ya Pasaka. Nilipofika kwenye neno batili nikamtazama avoka. Alikuwa anachezea kifuniko cha biki yake.

"Endelea," mama akasema.

"Imeishia hapo, mama."

"Haiishi hapo."

Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Akavuta droo, akatoa kijitabu kilichochakaa cha Sheria ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, akakifungua bila kutafuta, maana kilijifungua chenyewe, akakigeuza upande wangu na kuweka kidole. Chini ya sentensi yangu palikuwa na nyingine. Ilianza na neno Toutefois.

Hata hivyo.

Ninajaribu kukumbuka nilichokisikia kwanza. Nadhani ni kengele za toleka barabarani, zile baiskeli zetu za kubeba abiria. Zilikuwa zikipita nyingi, au labda ni masikio yangu. Nilianza kusoma sentensi ile kwa sauti ileile ya katekista, kwa mazoea tu, na katikati sauti ikaniishia. Inasema kwamba kama mfanyakazi ameachishwa kwa kosa lake zito, au kama ameacha mwenyewe bila mwajiri kuwa na kosa zito, basi sharti lile linakuwa na nguvu. Linadai masharti yake: mfanyakazi awe anawajua wateja au siri za biashara kiasi cha kuweza kumdhuru sana mwajiri, katazo lihusu kazi ileile aliyokuwa akiifanya, muda usizidi mwaka mmoja. Nikayahesabu moja moja kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka. Wateja, ndiyo. Kazi ileile, ndiyo. Mwaka mmoja, siku moja haikuzidi. Aliyeandika kontra yangu kule Kinshasa alikuwa amesoma kifungu chote.

Kisha nikakumbuka kwamba barua yangu imo ndani ya faili la kijani. Nimeileta mwenyewe.

Mama Enspekta alikuwa ameshaifikia. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Kifaransa kizuri. Nani alikuandikia?"

"Niliandika mwenyewe."

"Mm," akasema.

Akachukua na zile karatasi za fidia. Akatazama juu, akatazama chini, akamwonyesha avoka, avoka akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Papa, hii ni ya Paris. Hapa ni Makiso." Ndivyo ilivyokuwa. Mahakama kuu ya Ufaransa iliamua tarehe 10 Julai 2002 kwamba sharti la kutoshindana bila fidia halina nguvu. Miezi mitatu baadaye Kongo ikapata sheria yake ya kazi, na ndani yake fidia hiyo haimo. Ukiuliza intaneti kwa Kifaransa swali la sheria, mara nyingi inakujibu kama mkazi wa Lyon. Lugha ni ile ile, hakimu ni mwingine. Kuhusu Marekani hakuuliza, nami sikuitoa. Nilifanya vizuri, kwani tarehe 20 Agosti 2024 jaji mmoja wa Texas aliifuta ile kanuni kabla haijaanza kutumika.

"Katika miaka sita," mama akaniuliza, "hawakukukosea lolote?"

Walinikosea. Mwaka 2022 betri iliibwa kwenye mzigo barabara ya Ubundu, nikiwa nimelala kwa mwenyeji, na kampuni ikanikata dola 30 kwa miezi mitatu bila kuniuliza. Kumkata mfanyakazi mshahara bila haki ni jambo ambalo sheria inaweza kulihesabu kuwa kosa zito la mwajiri. Ningelalamika wakati ule, kwa maandishi, pengine ningekuwa na pa kusimama. Sikulalamika. Miaka miwili baadaye nikaandika kwa wino wa buluu kwamba sina lalamiko lolote.

Nikauliza swali langu la mwisho nikijua jibu lake. Je, ningekubali kuwekwa kwenye orodha ile?

"Basi sentensi ya kwanza ingekutosha," akasema. "Anayeachishwa bila kosa hafungwi na kitu hiki. Ungeanza kazi kesho yake, mlango wa pili na huu."

Patroni wangu wa zamani alitazama viatu vyake. Ninaamini hakuwa amenitegea. Nilijitega, naye akaokota.

Tulisuluhishana siku ileile. Sheria hiyohiyo inamruhusu mfanyakazi kumwomba hakimu apunguze adhabu iliyopita kiasi, na dola 4,000 kwa mtu wa dola 350 ni karibu mshahara wa mwaka mzima. Avoka alilijua hilo kuliko mimi. Tukaandikishana dola 1,400, mafungu saba ya dola 200, nami niache kazi mpya mara moja. Mkuu wangu mpya hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza kontra yako inasemaje." Nafasi yangu akaijaza wiki ile.

Gharama yenyewe ni hii. Dola 1,400 nilizilipa, nyingi kwa kuuza pikipiki. Preavi ya siku 56 ambayo ningelipwa sikuipata. Mwanangu Neema aliingia chuo mwaka mmoja baadaye kuliko wenzake. Mama wa samaki alingojea miezi miwili hadi fundi mwingine akaja kumaliza kazi yake, akiendelea kununua mafuta ya jenereta. Alinisamehe, ila sasa akinipigia simu anaanza kwa kuuliza kama bado niko kazini.

Mwaka wa katazo niliumaliza majini. Shemeji yangu, mmoja wa wale niliowaogopa, alinichukua kwenye biashara yake ya mafuta ya mawese: tunashuka kwa mtumbwi wa mota hadi Isangi, pale Lomami inapoingia mto mkubwa, tunanunua, tunapanda nayo hadi soko kuu. Hakuniuliza kamwe kama nilifukuzwa au niliacha. Nadhani hakuna mtu Kisangani nzima aliyewahi kujali. Usiku tukipita vijiji vya ukingoni niliona taa nyeupe za vituo vya afya, nikazitambua moja moja: ile betri nne, ile paneli sita, ile ya yule sista aliyenipa kuku. Siwezi kusema niliumia. Nilikuwa ninahesabu tu betri ipi inakaribia kufa na nani ataitwa.

Katika safari hizo nilikuwa na muda wa kukifikiria kifungu cha 53, na nimekifikiria kuliko mawakili wengi. Kina akili kuliko nilivyotaka kukiri. Anayeachishwa bila kosa kinamwachia mkate wake, maana si haki umnyime mtu kazi kisha umkataze na ya jirani. Anayeondoka mwenyewe na wateja mfukoni kinamwambia angoje. Na mimi nilikuwa nao mfukoni kwelikweli, picha kwa picha. Nilichokuwa nikikiita ukandamizaji kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina yangu. Nina ugomvi nacho mmoja tu: mwaka wa kungoja ni mwaka wa kula, na hapo majaji wa Paris waliona jambo ambalo watunga sheria wetu hawakuliona. Wakilirekebisha siku moja nitafurahi, ingawa sitarudishiwa pikipiki.

Msomaji mwenzangu, usidhani wewe ni mwerevu kuliko mimi kwa kuwa unajua kusoma. Mimi nilijua kusoma. Nilisoma mpaka nilipofika kwenye neno nililolitaka, nikafunga. Kama una kontra, itoe ilipo leo, kabla hujampigia mtu yeyote simu. Na kama patroni anataka kukuachisha kwa haki zako, jiulize kwanza aibu unayoikimbia inakaa kwa nani.

Katazo liliisha mwishoni mwa Mei 2025. Juni nikapata kazi kwenye kampuni ya pampu za maji za sola, mshahara dola 420. Kontra yao ina kurasa nne, na kifungu kile kimo; niliomba kiwe miezi sita badala ya mwaka, wakakubali bila ubishi, jambo ambalo mwaka 2018 sikujua kama mtu anaruhusiwa kuliomba. Binti wa ofisi aliniwekea biki mezani, akasubiri, akaenda kunywa chai, akarudi. Akaniuliza kwa heshima, "Papa, macho yanasumbua?" Nikamwambia macho ni mazima. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu.